Wa Kulaza Nyasi

Juzi nilikaa kwenye benchi la ofisi ya kata huko kwetu Mbinga, nikingoja muhuri. Kando yangu kijana wa mwaka wa tatu, anayesomea jiografia chuo kikuu, alikuwa akimhoji bibi mmoja kuhusu mazingira na jamii.

"Bibi, kwa nini umeacha kulima ngoro?" Yaani yale mashimo yetu ya mteremkoni, yenye matuta ya nyasi zilizofukiwa, yanayozuia udongo usiondoke na mvua. Akamsomea majibu ya kuchagua: mbolea, mvua, mtaji.

Bibi akapitisha viganja hewani kama anayepanga kitu chini. "Mwanamume hulaza nyasi, mwanamke huzifukia kwa udongo. Wa kuzilaza nilishamzika. Wanangu wako mjini."

"Hilo halimo, bibi." Akaweka tiki kwenye "Nyinginezo".

"Na wewe, mjukuu wangu, kwenu wapi?"

"Mkumbi. Yupo mama tu."

"Mwaka huu nani amemlazia nyasi?"

Kijana akaanza kupekua fomu. Fomu ilikuwa na kurasa nne, na swali hilo halikuwamo. Mimi nikajitia kusoma matangazo ukutani, nisije nikaulizwa. Mama yangu naye ana shamba mteremkoni, na safu hii ya gazeti naiandikia mjini.