RAM Yangu Yenye Nukta Nyekundu Iko Wapi?

Admin, ukiweka jina langu mchumba wangu atanijua mara moja, kwa hivyo nifiche. Niko na miaka ishirini na saba, naishi Kitengela, na kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Kompyuta ninayochorea niliiunda mwenyewe, nikinunua kifaa kimoja kimoja hadi siku ilipowaka. Ndani niliweka RAM mbili za pakiti moja, zile kadi ndogo za kumbukumbu, kila moja nikaitia nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Mchumba wangu, nimwite Saruni, aliniona akacheka sana. "Kumbe wewe ndiye Mmaasai! Sisi tunakata ng'ombe alama masikioni, wewe unapaka RAM kucha."

Saruni ana duka la picha na kuchapisha mjini Kajiado. Kazi ziliponizidi na mashine ikawa nzito, aliniletea RAM nyingine mbili kama zawadi, akazipachika mwenyewe nikiwa jikoni napika chai. Tangu siku hiyo kompyuta inaganda na kuzima katikati ya kazi. Nilipoteza ramani ya mteja, nikalia. Saruni akasema, "Babe, hizo ni stima za Kitengela, zinapotea-potea."

Nilisoma nikaelewa kwamba RAM za pakiti tofauti, hata zikilingana ukubwa, zinaweza kukosa kupatana zikichanganywa. Kusema kweli nilifarijika. Kosa lilikuwa la vyuma, si la mtu. Nikafungua ili nitoe zake nibaki na zangu mbili za zamani. Nukta nyekundu ilikuwa moja tu. RAM ya pili, pale yangu ilipokuwa ikikaa, ilikuwa nyeusi vilevile lakini safi. Niliikwaruza kwa ukucha, hakuna hata dalili ya rangi.

Nikampigia. "Itakuwa imetoka na joto," akasema. Mbona ile ya RAM ya kando yake haikutoka? Nikamwambia, "Saruni, wewe unamtambua ndama wenu kati ya mifugo ya majirani wote kule kwenu Mashuuru. RAM yangu ndiyo ilikushinda?" Akaniuliza kama nimekula.

Juzi nilienda Kajiado bila kumwambia. Kompyuta ya dukani kwake, ambayo siku zote hukaa ubavu wazi, nyaya nje, sasa imefunikwa na kukazwa skrubu. Nikasema nataka kuona ndani. Akaweka mkono juu yake.

"Kwa hivyo mimi ni mwizi?"

"Sijasema hivyo. Nifungulie tu."

Akaondoa mkono. "Fungua mwenyewe. Lakini ukifungua, nawaambia wazee wangu wasije."

Wazee wake wanakuja kwetu Jumamosi kujitambulisha. Mama ameshaalika shangazi zangu wote. Sikufungua. Nilirudi nyumbani nikijichukia, na bado najichukia. Labda ameumia kwa kushukiwa bure. Labda alibadilisha akidhani kitu kidogo kama hicho sitakiona, na sasa anaona haya. Lakini kama aliweza kufungua kilicho changu, akakifunga, akanywa chai yangu na kulaumu stima, je, tukishaoana atafungua nini kingine?

Bisibisi bado iko kwa mkoba wangu. Ninyi mliooa na kuolewa, nishaurini kabla ya Jumamosi: nirudi Kajiado nifungue nimpoteze, ama nivae gauni, niwapokee wazee, nisijue milele?