Nimemsingizia mkwe wangu kuwa ndiye anayeua kompyuta

Admin, nifiche vizuri, maana hapa Tunduma hata mbuzi wananijua. Mimi ni mzee wa miaka sitini na nane. Shule iliishia darasa la tano. Sikumbuki kama niliiacha mimi au iliniacha yenyewe. Nina ofisi ndogo karibu na mpaka, mawakala wa forodha wanakuja kuingiza nyaraka za malori kwenye kompyuta zangu. Watu wananipenda kwa utani, na huo utani ndio umenifikisha hapa naandika huku naionea aibu hata simu.

Fundi wa kompyuta zangu ni mke wa mwanangu, nimwite Mama Neema. Amesomea, anajua kazi. Lakini kwenye ukoo wetu baba mkwe na mke wa mwanae hawasemeshani uso kwa uso. Akiwa na neno anampa mke wangu, mke wangu ananiletea. Akiingia ofisini mbele, mimi natokea mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Tumeishi hivyo kwa heshima, ugomvi hatuujui.

Basi nikanunua kompyuta mpya yenye nguvu, ikaanza kufa. Wakala yuko katikati ya kazi, dereva nje anapiga honi, skrini inageuka bluu, kwisha habari. Mama Neema akasema ataichunguza akirudi kutoka Ileje, alikuwa na msiba kwao. Akamwachia mke wangu maelezo marefu. Mimi yakanifikia hivi: "Mkwe wako anasema ile kompyuta usiiguse."

Simlaumu mke wangu. "Usiiguse" peke yake ilitosha kwa mtu mwenye akili. Mimi nikaigusa.

Nilishawahi kumchungulia akifanya kazi, ndiyo, kwa dirishani, mnisamehe. Najua mashine ikifa hivyo inaacha faili la yale iliyokuwa inafanya, na yeye ana programu ya kulisoma kwenye kompyuta ya zamani. Nikalihamishia huko, nikabonyeza. Programu haikugoma, haikulalamika. Ikanitolea jina la mhusika: programu ya kuzuia virusi, ile aliyoiweka Mama Neema mwenyewe. Nikapiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Moja kwa moja hadi kibanda cha chai wanakokaa mawakala. "Jamani, mchawi nimemkamata! Kumbe mkwe wangu hakusomea kutengeneza kompyuta, alisomea kuzizika!" Wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Na mimi nikichekewa siachi, nikaongeza: "Anaziua ili asikose kazi ya kuzifufua." Hilo nililitunga palepale, wallahi sikuwa na ushahidi wowote, na mimi wala si Mwislamu.

Maneno yalifika Ileje kabla chai yangu haijapoa. Mwanangu alipompigia simu mkewe, alijibiwa hivi: "Kama baba amenihukumu kibandani, mimi nabaki kwetu." Akabaki kweli, na mtoto wao Neema.

Ila aliomba atumiwe lile faili. Akalisoma kwa kompyuta yake, kisha akamweleza mumewe, na mwanangu akanieleza mimi taratibu kama anayemlisha mgonjwa. Ndani ya prosesa kuna vijisanduku vidogo vya kushikia kazi inayofanyika sekunde ile, wao wanaviita rejista. Mashine ikifa, inavimwaga kwenye faili, ndipo yanafuata mambo mengine. Sasa prosesa hazilingani. Hii mpya vijisanduku vyake ni vingi na vikubwa kuliko vya ile ya zamani. Anayesoma lazima kwanza aliulize faili sehemu hiyo ina ukubwa gani, ndipo aanze. Programu niliyotumia haiulizi. Ilisoma kwa ukubwa iliouzoea, mabaki ya rejista ikayachukulia kuwa sehemu inayofuata, kila kitu kikasogea, na lawama ikamwangukia asiyehusika. Ndiyo yale maelezo marefu aliyoyaacha.

"Baba," mwanangu akasema, "faili halikudanganya. Wewe ulilisoma kwa kipimo cha mashine nyingine."

Na mhusika wa kweli? Draiva ya printa, ile programu inayoiunganisha printa na kompyuta. Printa niliyoinunua mimi Nakonde, ng'ambo ya mpaka, muuzaji akaniita mzee kwa kwao: "Mudala, hii inakubali kila mashine." Nikaiweka mwenyewe kwa vidole vyangu hivi, kimya kimya, nije kuringa kwamba mzee naye anaweza. Mwanangu ameiondoa, kompyuta haijafa tena. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Nikaomba msamaha kwa njia yetu. Nilimwambia mke wangu maneno mengi, machozi yakinilenga. Mke wangu akampa dada yangu, dada akaenda nayo Ileje. Kule yakafika hivi: "Baba anasema yaishe, urudi."

Mama Neema akajibu: "Yaishe nini? Nataka nisikie alichosema, chote, kwa mdomo wake. Halafu akakiseme na pale walipocheka."

Kibandani nitakwenda, hata leo. Tatizo ni Ileje. Kaka yangu mkubwa amenionya: "Ukisimama na mkwe wako mkasemeshana, umetuvua nguo ukoo mzima." Mke wangu naye kanijibu bila hata kugeuka, yuko jikoni: "Kumsema uliweza. Kusema naye ndiyo mwiko?"

Juzi Neema alinipigia kwa simu ya bibi yake mwingine. "Babu, kweli ulimwita mama mchawi?" Mimi ninayejulikana kwa majibu, nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Ndugu zangu, nichekeni kwanza, nimestahili. Mkimaliza nishaurini. Niende nikasimame mbele ya mkwe wangu niyaseme yote, nivunje mwiko wa baba zangu? Au niulinde mwiko, mwanangu akose mke? Nifanye nini? Nijibuni upesi, maana Neema amepiga tena asubuhi hii, na simu nimeiacha ikaita hadi ikanyamaza.