Mnaosubiri vichekesho vya zamani kwa DVD: nilichosikia kwenye kaseti ya Kajiado

Wakuu, salamu kutoka Kitengela kwenye vumbi letu. Haya ninayosimulia niliyasikia kwa masikio yangu, na dada yangu yuko hapa pembeni ananisahihisha. Anayetafuta chai, yaani hadithi ya kutunga, jikoni ni kule.

Naona ule uzi wa kuomba vichekesho vya zamani vya TV vitolewe kwa DVD unazidi kurefuka. Kila mtu anamlilia yule landlord mnene na mpangaji wake mbishi wa miaka ya tisini. Hakuna anayejua kama kanda zao bado ziko. Mimi pia nilikuwa nasubiri, lakini sababu yangu ilikuwa nyingine.

Nilikuwa namtafuta mama.

Ngojeni nieleze. Miaka hiyo tulipanga kwenye ploti ya mabati hapa Kitengela, baba akifanya kazi kiwanda cha simiti. Jirani yetu, Baba Wanja, alikuwa mpiga video wa harusi. Alikuwa na TV ya betri ya gari na kamera kubwa ya kubeba begani, lakini hakuwa na deki ya kurekodia kutoka kwa TV. Sasa ili apate vichekesho vyake, alisimamisha kamera kwa tripod mbele ya TV, akafunga pazia kioo kisimetemete, akarekodi screen yenyewe!

Msicheke. Enzi hizo tuliona huyo ni mtaalamu.

Ploti nzima tuliingia kutazama, kwa sharti moja: kimya. Kamera ilishika kila sauti ya pale ndani.

Mama yangu hakuliweza hilo sharti. Alianza kwa kujiziba mdomo na leso, mabega yanatikisika, kisha kicheko kinamponyoka. Na Baba Wanja naye anafoka, "Mama Wekesa, tulia bana, niko kwa kurekodi!"

Mama alikufa wakati dada yangu Nafula bado ananyonya. Tulibaki na picha moja tu ya kanisani, amenuna vile watu walivyokuwa wakinuna mbele ya kamera. Nafula alipokua akawa ananiuliza, "Wekesa, mama alikuwa anacheka aje?" Nilijaribu kumwigiza nikaishia kukohoa. Iliniuma sana, wakuu. Mimi ndiye mkubwa, na hata hicho kidogo sikuweza kumpa.

Basi mmoja wenu humu alipouliza kama kuna mtu aliyewahi kurekodi vile vipindi nyumbani, nikakumbuka ile tripod. Baba Wanja alikuwa amehamia Kajiado mjini. Nikaenda na Nafula, mchana wa jua kali, upepo ukipigapiga mabati ya watu.

Alitupokea vizuri, na chai ya maziwa juu. Macho yamemwishia nguvu kidogo lakini maringo yako palepale.

"Mmekuja wakati mzuri," akasema. "Nimeziweka zote kwa DVD. Na nimesafisha! Mahali watu walikuwa wanapiga kelele, nimekata."

Nafula aliweka kikombe chini.

Tukatazama. Sijawahi kuona kitu cha kutisha hivyo mchana kweupe. Landlord anatoa neno la kuvunja mbavu, anatoa macho, anangoja. Picha inaruka. Kimya. Mpangaji anajibu. Picha inaruka tena. Kimya. Kipindi kizima hakuna hata mtu mmoja anayecheka, na kila picha iliporuka nilijua mama ameondolewa hapo.

"Kaseti zenyewe ziko wapi?" Nafula akauliza.

"Nilirekodia harusi juu yake." Kwa kazi yao kaseti haikai bure. "Imebaki moja, imeshika kuvu. Hiyo ilinishinda. Nikiweka inaweza kukatika."

"Weka tu, Baba Wanja."

Kipindi hakikuonekana. Ilikuwa ni vidoti vyeupe tu, na maneno ya TV yamezama kwenye mvumo. Lakini waliokuwa wameketi karibu na kamera walisikika wazi. Mtu akakohoa. Kijiko kikagonga kikombe. Chumba kizima cha watu, wengine tumeshawazika, wakicheka kitu ambacho sisi hatukioni.

Halafu mtu akafungua mlango, kule ndani ya kaseti. Vile vidoti vikapungua kidogo. Mwanga ulikuwa umepiga kioo cha ile TV ya zamani, na ndani ya kioo tukaona mwanamke ameketi, kitambaa kichwani, mtoto mapajani.

Akacheka.

Ni yeye. Kicheko kilianzia chini, kikapanda, kikakwama, kikapanda tena. Kisha akaongea, karibu kabisa, kama mtu aliye nyuma ya kochi tulilokalia.

"Nafula! Wewe Nafula! Cheka na mama."

Dada yangu, mtu mzima, mwalimu wa nursery, akaitika, "Niko hapa, mama."

Papo hapo tukasikia, "Mama Wekesa, tulia bana!"

Mpaka leo tunabishana. Mimi nasema ni kaseti. Nafula anaapa sauti ilitoka kwa mzee aliyeketi kando yake. Mzee mwenyewe anasema hakufungua mdomo.

Mashine ikaitafuna kaseti hapohapo. Tuliitoa imejikunja, imekatika vipande. Baba Wanja akashika kichwa. "Na kwa zile zingine nimemtoa na mkono wangu," akasema.

Njiani kurudi Kitengela, Nafula alilia mpaka Isinya. Tangu siku hiyo hajaniuliza tena mama alikuwa anacheka aje.

Somo langu ni hili. Tukipata hivyo vichekesho, kwa DVD au kwa njia yoyote, nitanunua na nitafurahi. Lakini ukiwa na kaseti iliyorekodiwa sebuleni kwenu, yenye mtoto analia na shangazi anaongea, usimpelekee fundi akusafishie. Keti uisikilize kwanza wewe mwenyewe.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kama unakumbuka vile mamako alikuwa anacheka, jaribu kutuelezea hapa chini, hata kama maneno yatakushinda. Nafula anasoma zote.