Masizi Shavuni

Nakumbuka siku moja kwetu Msimbu, mama alinipaka masizi ya chungu shavuni. Nilikuwa mwali, posa imeshapokelewa, na taya la chini limevimba upande mmoja kama nimeficha andazi. Kwetu mtu akivimba shavu ni matumbwitumbwi, na dawa yake masizi. Hata hapakuuma, mwanangu. Nikatembea na uso mweusi kama sufuria ya msibani, watoto wananicheka, nami nawacheka.

Akaja shangazi kutoka Kibaha. Nikamwamkia shikamoo, badala ya marahaba akanishika kidevu, akamgeukia mama.

"Wifi, huu uvimbe una muda gani?"

"Tangu tupande mahindi."

"Na sasa mnayavuna. Matumbwitumbwi gani hayo, yamehamia na mizigo?"

Mama akasema hospitali watanichana uso na posa itavunjika.

"Na uvimbe ukimla taya, huyo bwana ataoa nini, kanga?"

Tukaenda. Wakanipiga picha ya eksirei, daktari akanionyesha: ndani ya taya vimejaa vijino, vimebanana kama punje za mtama. Akasema uvimbe wa taya una aina nyingi, na mwingi si saratani. Huu wangu huwapata sana vijana. Upo mwingine anaouona mara nyingi kwa watu wetu; nao si saratani, ila unakua polepole, hauumi, unakula mfupa, mpaka mtu anakatwa taya kwa kuwa alikaa nao nyumbani. Saratani yenyewe ni nadra, lakini ipo. Na kwa macho tu hakuna anayejua upi ni upi, si yeye daktari, sembuse mama na masizi yake.

Wakanipasua kwa ndani ya mdomo, uso haukuguswa. Mchumba wangu, ndiye babu yako huyu, alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe naoa mamba." Ndivyo anavyoniita hadi leo, tena mbele ya wakwe, na mimi naitika.

Basi mwanangu, ukiona shavu limevimba na halipungui, au jino limegoma kuota, usifurahi kwamba haliumi. Nenda ukapigwe picha. Masizi yaache kwenye chungu.

Mungu akupe taya la kutafunia mahindi ya kuchoma hadi uzeeni, kama hili langu, na mtu wa kukucheka ukiyatafuna.