Nikicheka, Chekeni

Jamani, kuna aibu mtu huzikwa nayo, na hii yangu ningezikwa nayo kama mke wangu asingekuwa anaisimulia kila tukipata wageni, kwa hiyo bora niitoe mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nasoma Guangzhou, Uchina, na nilikuwa nimempelekea posa Mwanaidi, binti wa Unguja aliyekuja na mjomba wake Salum kununua viatu vya jumla kwenye soko la Zhanxi. Mjomba alikuwa hajajibu. Basi nikasikia mzee mmoja Mwingereza, mwandishi na mchekeshaji wa siku nyingi wa redio na televisheni kwao, amekuja kumtembelea bintiye anayefundisha chuoni kwetu, na Jumamosi ataeleza maisha yake ya kazi, nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha Mjomba kwamba mkwe aliyeletewa ni msomi. (Kiingereza changu kilitosha kwenye mtihani, si kwenye utani.)

Mjomba akaja na Mwanaidi na wafanyabiashara wenzake wa mtaa wa Xiaobei, kanzu zimepigwa pasi, tukakaa safu ya mbele. Wakaniuliza watafanyaje na lugha yenyewe hawaijui.

"Nitazameni mimi," nikasema. "Nikicheka, chekeni, mgeni asione tumemdharau."

Mwanaidi akajifunika mdomo kwa ukingo wa mtandio.

Mzee alizungumza uso mkavu, hasogezi hata nyusi, huku ukumbi unavunjika mbavu, nami nikajitungia kanuni: uso ukikauka, utani umefika. Akaeleza alivyoigiza mapolisi wajinga na wenye nyumba wabahili, na alivyoandika ujana wake wote na mwenzake mmoja, huyu anapiga taipu, yule anazunguka meza. Kisha sauti ikashuka, uso ukakauka kuliko mwanzo, nikajua huu sasa ndio utani mkubwa wenyewe, nikaangua kicheko, Mjomba akapokea, safu nzima ikapasuka, mmoja anajipiga mapaja. Nyuma yetu kimya.

Mwanaidi akaninong'oneza, "Anasema mwenzake alifariki sentensi haijaisha, akaimalizia peke yake, na haikuchekesha."

(Kumbe binti alikijua Kiingereza kunishinda, na hakuwahi kujitapa.)

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akauliza kwa upole ni kipi kilichotufurahisha, Mwanaidi akasimama, akamweleza yote, pamoja na agizo langu. Mzee akatutazama, mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

"Mwenzangu aliuchukia ukumbi uliokaa kimya," akasema. "Angewapenda nyinyi."

Mwanaidi akatutafsiria, na safari hii hakuna aliyenitazama mimi kwanza.

Njiani Mjomba alitangulia hatua kumi mbele, nami nikaihesabu posa yangu imekufa. Tulipofika mlangoni kwao akageuka.

"Binti tutakupa," akasema. "Wewe ukiachwa bila mkalimani utatuletea vita."

Yule mzee nampenda mpaka leo. Na tangu siku ile, penye Kiingereza sicheki kamwe mpaka mke wangu acheke kwanza, naye akijua namsubiri, hujikaza makusudi.