Chujio la Siku ya Kumi

Kwa miaka ishirini na miwili Ramdhani alipanda kila asubuhi hadi juu ya paa la shule moja ya Kanpur, India, kubadilisha chujio la hewa. Majirani walimcheka: "Mzee anakwenda kupima vumbi, kana kwamba halionekani!" Mtu hudharau kazi asiyoijua. Chujio lilikuwa kiduara cheupe, nalo alilishika kwa kibano tu, maana hata jasho la kidole lina uzito. Mashine ilivuta hewa kutwa kucha, kisha chujio likapimwa tena. Uzito ulioongezeka ndio vumbi lililoingia vifuani mwa watu.

Mwaka ule naye alikuwa na lake moyoni. Kiwanda cha kuyeyusha chuma nyuma ya shule kilileta moshi hadi chumbani kwake, na mkewe, Mama Binda, kikohozi kilikuwa kinammaliza. Kesi ilikwishafika mahakamani, nayo mahakama ilitaka vipimo kumi mfululizo vilivyozidi kiwango cha sheria, ndipo kiwanda kifungwe. Tisa vilikwishazidi.

Siku ya kumi ikaangukia sikukuu ya Wahindu wenzake, ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, ambapo kila mtu hukifanyia ibada chombo cha kazi yake. Cherehani huvishwa maua, na malori vilevile. Miaka mingine Ramdhani aliizima mashine kwanza. Safari hii haikuruhusiwa kuzimwa, na kuipita hivihivi roho ilikataa. Akaivisha shada, akawasha kijiti cha udi. Kimoja tu, alijiambia. Upepo ukageuka, moshi ukaingia mdomoni mwa mashine.

Kesho yake, Daktari Vasundhara wa maabara aliitazama mizani akacheka kwa furaha.

"Mzee, hili limeyapita yote! Tumewabana!"

"Umelitia kwenye hadubini?"

"La nini? Yale tisa yana vishanga vya chuma vitupu, vya kiwandani. Hili litakuwa na nini, sukari?"

"Litazame, Daktari."

Akatazama. Kicheko kikamkauka. "Masizi yote haya yametoka wapi?"

"Kwangu. Niliifukizia mashine udi."

"Wewe? Wewe unayenifokea nikijipaka manukato?" Akashusha sauti. "Mzee, tunaojua ni sisi wawili."

"Wakili wao naye atataka kuchungulia. Na hata asipotaka, mimi najua."

Akachukua kalamu, akaandika: *Limeharibika. Kosa langu.* Iliuma, tena sana. Hesabu ya siku kumi ilianza upya.

Nyumbani alimkuta Mama Binda akichambua dengu, akamweleza yote bila kujitetea.

"Yaani tunaanza moja?"

"Moja."

Kikohozi kikamshika, akainama juu ya ungo, dengu zikamwagika. Ramdhani alingoja matusi. Siku hiyo angeyapokea yote.

"Hebu niambie, Baba Binda," alisema alipopata pumzi. "Huko juu na udi wako, uliomba nini?"

"Kifua chako kipone."