Gundi ya Ekua Baduwa

Mjini Akrodo hakuna aliyempenda Ekua Baduwa, na mwenyewe alihakikisha hali haibadiliki. Aliuza dokono, madonge ya unga wa mahindi uliochachuliwa, sokoni kwa miaka hamsini, na mteja aliyebonyeza donge bila kununua alisomewa ukoo wake mpaka kwa mababu.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na ukoo wa Chini. Ukoo huo na wake wa Juu kila mmoja ulidai ndio ulioanzisha mji, hivyo ndio utangulie kwenye maandamano ya sikukuu. Baraza la machifu, likiwa limechoka, likasema: leteni maandishi. Ekua akaanza kusaka kitabu cha historia ya mji alichosomea darasa la tano.

Alipata nakala tano. Moja ilikuwa inachanwa kufungia karanga, nyingine inainua mguu wa kinanda cha kanisa. Katika zote, ukurasa wa tisa ulibandikwa kipande cha karatasi: "Ukoo wa Chini ulifika kwanza." Kila alipokibandua, ukurasa ulichanika vipande vipande.

Ya sita, yenye kipande kilekile, ilikuwa kwa Mwalimu Egyir aliyemfundisha darasa hilo, mwenye umri wa miaka tisini na moja na kinyongo cha miaka mia mbili.

"Umekuja kuiba?"

"Niibe nini humu, Mwalimu? Hata panya wamehama. Nani alibandika uchafu huu?"

"Chifu wa Chini alileta vipande, nami nikaamuru darasa lenu mvibandike. Gundi ya wenzako ilikuwa maji matupu, ikaachia. Nikampa kazi yote binti mmoja wa muuza dokono. Akapika gundi ya muhogo ya kushikilia ukuta." Mwalimu akacheka kwa meno yake matatu. "Nilimzawadia penseli nyekundu."

Ekua akaikumbuka. Penseli ile aliiringia muhula mzima.

Kisha akainjika birika la mwalimu bila kuomba, akauweka ukurasa kwenye mvuke. Kipande kikatoka kizima, kimeondoka na wino wa chini yake, herufi zimegeuka nyuma mbele. Akang'oa ukutani kioo cha kunyolea, akasoma: "Waliofika kwanza ni ukoo wa Juu, waliofukuzwa kwao kwa wizi wa mbuzi."

"Peleka basi barazani," mwalimu akasema, furaha imemjaa. "Mji mzima usikie."

"Wameandika kwanza, hawakuandika?"

"Wameandika wezi pia."

"Hilo sikuuliza." Akafutika kipande na kioo kibindoni.

"Rudisha kioo changu, mwanamke wewe."

"Cha nini? Ndevu zenyewe zimekukimbia."

Baraza likasoma kiooni, likakohoa, likaamua. Siku ya sikukuu ukoo wa Juu ukatangulia, Ekua mbele kabisa, shingo juu. Nyuma yao ukoo wa Chini ukalia "mee, mee" kutoka mtoni mpaka uwanjani.

Ekua hakugeuka hadi walipofika.

"Lieni, wanangu," akawaambia. "Mbuzi ndivyo wanavyomfuata mwenye kamba."